Vigingi Kando ya Kaburi la Mama

Kaburi la mama yangu lilizama upande mmoja, vidole vitatu. Nilipima asubuhi kwa vidole vyangu, jioni nikapima kwa vidole vya dada yangu, ambavyo ni vinene zaidi, tukapata viwili na nusu. Tusigombane kwa nusu. Saruji haizami yenyewe. Mvua zilikuwa zimekwisha zamani, mchwa hakuna, na fundi aliyeimwaga ile saruji nilimsimamia mwenyewe nikihesabu ndoo.

Nyumba ya mama iko nje kidogo ya Segese. Mimi nauza mchele Kahama, na kila Jumamosi nilipanda gari kwenda kufagia pale. Upande wa magharibi shamba letu linaishia kwenye ua wa minyaa. Ng'ambo ya minyaa kuna jirani mwenye leseni ya kuchimba dhahabu, na duara lake, yaani shimo wanaloshukia wachimbaji, liko hatua sitini kutoka kaburini. Nilizihesabu kwenda, nikazihesabu kurudi.

Huyo jirani alikuja mazishini. Alishika chepe, akatupia udongo, akalia kuliko wajukuu. Alileta na gunia la mchele, ambalo nililitambua kwa mshono, maana nilimuuzia mimi. Sasa nilipoona kaburi limezama nilikaa juu ya kinu nikajiuliza: mtu aliyemfukia mama yangu kwa mkono wake, anaweza kurudi kumfukua kwa chini?

Nilimwendea kwa adabu. Nikamkuta anakunywa uji kwenye kivuli cha pikapu lake.

"Baba, habari za hapa?"

"Nzuri, mama. Karibu uji."

"Nimeshakunywa. Wachimbaji wako wamefika wapi siku hizi?"

"Wako kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kwangu chini." Akacheka, na vijana wake wakacheka kwa sababu bosi amecheka. "Mama, mpaka ni wa huku juu. Huko chini mwamba wenyewe ndio unaongoza, sisi tunaufuata tu."

"Na ukiingia chini ya kaburi, mnaufuata tu?"

Akaweka kikombe chini. "Kama huniamini, chimba uone. Chimba palepale."

Alijua anachosema. Kwetu jembe haliingii kwenye makaburi. Hata muhogo ukiota pale wenyewe, unaachwa uzeeke. Na shimo la kuchimba kando ya saruji iliyokwisha kulegea lingeweza kuangusha kila kitu, mama akiwemo. Nilikwenda ofisi ya madini nikaambiwa vilevile kwa lugha ya adabu zaidi: malalamiko yamepokelewa, ila lazima uonekane ushahidi kwamba handaki limevuka mpaka, na jirani amekataa wakaguzi wasishuke akisema magogo ya kuzuia kuta yameoza, anayabadilisha. Kama ningeweza kuchimba kishimo upande wangu wakashukia huko, ingekuwa rahisi sana.

Nilitoka pale nikiwa na jambo moja tu kichwani. Nitaona chini ya mama yangu bila kumgusa, halafu yule bwana atanijua.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na sina wa kumsingizia. Nilikuwa nimewahi kuona Kahama watu wakisukuma kigari chenye rada wakitafuta mabomba barabarani. Nikamtafuta mwenye kigari. Nikapatana naye nusu siku nzima, nikamshusha mpaka akaanza kunipigia magoti ya mzaha. Nilitoka pale nikijisifu. Nilikuwa nimepata kwa bei ya chini sana kitu ambacho hakinifai hata bure.

Alikuja, akasukuma kigari kando ya ua, akasukuma pembeni ya kaburi, akarudi tena. Kwenye kioo tuliona ukungu. Udongo wetu pale juu ni ule mweusi wa mbuga, unaonata, unaoshika maji chini hata kiangazi kikali. Rada inatuma mawimbi, udongo ule unayameza. Iliona kama mita moja na nusu, ikaishia hapo. Iliona mzizi.

Jirani alikuwa amesimama ng'ambo ya minyaa na watu wake.

"Mama," akapaza sauti, "mtoto amelala?"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kesho yake Segese nzima ilikuwa inasema kuna mama wa Kahama amesukuma kigari cha mtoto juu ya makaburi. Nilifika sokoni, muuza nyanya akaniuliza mjukuu hajambo. Nikamjibu hajambo, ameota meno.

Mtaalamu wa pili nilimpata kwa kuuliza watu waliochimbiwa visima vikatoa maji, siyo waliochimbiwa vikatoa vumbi. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye goti bovu, ana ofisi ya chumba kimoja Kahama, na tabia ya kukuuliza maswali kabla hajataja kazi yake. Nilimpenda kwa hilo. Mimi pia sitaji bei kwanza.

"Unatafuta nini hasa, mama? Dhahabu?"

"Natafuta shimo."

"La upana gani?"

"Kama sebule. Nimesikia wachimbaji wake wakijisifu kilabuni kwamba wanasimama wima, wanazungusha toroli."

"Kina?"

"Nimehesabu ngazi wanazoshuka kabla ya kugeukia kwetu. Mita nane, au nane na kidogo."

Akaniangalia. "Umehesabuje?"

"Mara mbili."

Basi akaanza kunitandikia bidhaa zake mezani, na mimi nikaanza kuzikataa moja moja kama ninavyokataa mchele uliochanganywa.

Kuna kipimo cha sumaku, unatembea nacho begani, kazi ya saa chache. Nikauliza, kwani shimo lina sumaku? Akasema halina, kile kinaona mawe yenye chuma. Na bati la nyumba ya mama? Akakubali kwamba kingeliona bati la nyumba ya mama vizuri sana. Nikasema bati nimelilipia, najua lilipo.

Kuna kupiga nyundo juu ya bamba la chuma na kusikiliza mtetemo unavyosafiri ardhini. Hii niliipenda, ilikuwa na nyundo. Lakini pale kwetu makarasha ya kusaga mawe yananguruma pande tatu tangu alfajiri. Akasema angesikia makarasha tu, labda niyazime. Nikamwambia nikiweza kuzima makarasha ya Segese, nitagombea ubunge.

Kuna kipima uzito wa ardhi, kinaona mahali palipopungua udongo. Kwa sebule ya mita nane chini, akasema, tofauti ni ndogo kiasi kwamba ukikosea kupima mwinuko wa ardhi kwa sentimita chache tu, umejidanganya. Na mashine yenyewe inatoka mbali. Nikasema wa kudanganywa nimeshadanganywa, inatosha.

Ikabaki ya umeme. Unapigilia vigingi vya chuma kwa mstari, unaviunga kwa waya, unapitisha umeme kidogo ardhini na kupima unavyopata shida kupita. Udongo wenye maji hauupi umeme shida. Mwamba unaupa kiasi. Kwenye hewa haupiti kabisa, lazima uizunguke. Shimo lenye hewa linaonekana kwenye picha kama doa jekundu.

"Na likiwa na maji?"

"Likijaa maji litafanana na udongo wenu. Linaweza kujificha."

"Mota yake inavuta maji mchana kutwa. Ni kavu."

"Basi tupime kabla hajajua. Akizima mota siku nne tano, tumekwisha."

Akapendekeza mstari upite juu ya kaburi moja kwa moja. Nikasema hapana, na siyo kwa ajili ya mila tu. Ukinionyesha shimo karibu na kaburi, atasema limekuwepo tangu wakoloni. Nataka mstari wa kwanza ufuate ua wa minyaa, hatua mbili ndani ya kwetu. Kama ametoka kwake kuja kwangu, lazima avuke hapo, hana njia nyingine. Wa pili ndio upite kando ya kaburi. Mtaalamu akageuza karatasi, akachora, akasema ningesoma sana shuleni ningekuwa hatari. Nikamwambia sikusoma na bado ni hatari.

Vigingi vilikuwa arobaini na vinane, kila kimoja mita mbili kutoka kwa mwenzake. Akaandika mstari wa mita tisini na sita. Nikachukua kalamu. Vigingi arobaini na vinane vina nafasi arobaini na saba katikati. Ni tisini na nne. Akahesabu, akafuta, akaomba radhi.

Kisha akasema neno ambalo sikumwomba. "Ardhi ya juu imekauka na kupasuka, vigingi havitashika vizuri. Itabidi tumwagie maji ya chumvi kila kimoja."

"Chumvi?"

"Chumvi ya kawaida. Konzi mbili kwa ndoo."

Hapo nikaishika ile kalamu nikaichunguza, kama mtu aliyesikia bei nzuri asiyetaka muuzaji ajue kwamba ni nzuri.

Niseme wazi, maana sitaki mtu adhani sikujua nilichokuwa nafanya. Wachimbaji wanaogopa mambo mengi wanaposhuka. Mama wa umri wangu, aliyefunga kilemba, akionekana anamwaga maji ya chumvi kwa mstari ulionyooka kati ya kaburi na duara la watu, halafu chuma kinapigiliwa, hakuna atakayeuliza habari za umeme. Watasema duara linafungwa kichawi. Na huku kwetu neno hilo halichezewi. Wako wanawake waliouawa kwa kuwa na macho mekundu tu, na macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Dada yangu aliniambia hivyo akilia. Nilimjibu kwamba nitakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kwanza, nimweleze kila kitu, nimwonyeshe barua ya mtaalamu, na nimwombe awepo kuanzia kigingi cha kwanza. Nilifanya hivyo. Sikumdanganya mtu yeyote. Ila chumvi sikuinunua Kahama kwenye boksi. Niliinunua Segese, kwenye duka ambalo wachimbaji hununua betri za tochi, gunia zima la chumvi ya mawe, nikambebesha mtu wa mkokoteni likiwa wazi.

"Shikamoo mayu," yaani mama, mmoja wao akaniambia, kijana mwenye kofia ngumu ya bluu. "Chumvi yote hiyo, kuna sherehe?"

"Marahaba. Hakuna sherehe."

"Ya nini sasa?"

"Ya ardhini."

Ni kweli ilikuwa ya ardhini.

Tulianza kesho yake jua linachomoza. Mtaalamu na wasaidizi wake wawili walikuwa wanapiga vigingi, mimi nafuata na ndoo. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwa na redio. Kigingi cha kumi, watu watatu walikuwa wamesimama ng'ambo ya ua. Kigingi cha ishirini, kumi na mmoja. Mtaalamu alisema kikombe kimoja kinatosha, nikamwaga viwili. Nilipofika cha arobaini, winchi ya duara ikaanza kupandisha watu, mmoja mmoja, bila kuitwa na mtu. Nilihesabu ishirini na wawili wakitoka. Asubuhi nilikuwa nimehesabu ishirini na wawili wakiingia. Hilo nilitaka kulijua kabla sijafurahi.

Saa nne pikapu likaja kwa kasi. Jirani alishuka hata mlango hakufunga.

"Umewaambia nini watu wangu?"

"Sijawaambia kitu."

"Wamekataa kushuka! Wanasema umefunga duara!"

"Mimi? Mimi nauza mchele."

"Mama, hii si mchezo. Waambie hakuna uchawi hapa."

"Wa kwako watanisikiliza mimi? Waambie wewe, bosi wao. Waambie hii mashine inafanya nini."

Alimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akapunguza redio akasema kwamba taarifa anayo tangu juzi, ni kazi ya kitaalamu, na anakubaliana na mama, ingefaa mwenye watu awaeleze watu wake. Kila saa waliyokaa juu ilikuwa inamuuma, niliiona kwenye shingo. Akaenda kwenye ua, akapanda kisiki, akasafisha koo.

"Jamani, msiwe washamba. Hii si dawa. Hii ni mashine ya umeme. Inatafuta..." Akasita.

"Inatafuta nini, bosi?" akauliza yule wa kofia ya bluu.

"Inatafuta... mashimo. Nafasi za chini."

"Mashimo yapi? Si shamba la huyu mama?"

Mmoja akasema, "Si handaki letu lile la upande huu?" Bosi akamkazia macho, amechelewa.

"Kwani sisi tuko chini ya wapi?" kofia ya bluu akauliza tena, na sasa hakuwa anatania. Nikaelewa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Hawa watu hawakujua. Ukishashuka ukageuka kushoto, ukageuka kulia, huko ndani hakuna magharibi wala kaburi. Unafuata mwamba na tochi. Yeye peke yake ndiye aliyejua juu ya vichwa vyao kuna nini.

Mtaalamu wangu, ambaye goti lilikuwa linamuuma na hakutaka ugomvi, alifanya alichofanya kwa wateja wote. Aliniita nione picha. Nikamwambia aiinue kompyuta juu ya ua ili na wenzetu waone. Mstari wa kwanza, wa kwenye minyaa: bluu juu, kijani chini, na katikati ya kigingi cha ishirini na tisa na cha thelathini na mbili, doa jekundu, mita nane chini. Hapo ndipo alipovukia. Mchana tukahamishia mstari wa pili, wakangoja hapohapo, hakuna aliyekwenda kula. Jioni doa likatokea tena, kubwa zaidi, kama sebule kweli. Mtaalamu akaweka alama nyeusi juu yake.

"Hiyo alama ni nini?" akauliza kofia ya bluu.

"Kaburi," nikasema. "La mama yangu. Alikuwa anawapa maji ya kunywa mlipoanza kuchimba."

Akavua ile kofia. Akaiweka juu ya kisiki alichosimamia bosi wake, akaondoka. Wa pili akafuata. Nilihesabu kofia kumi na tisa. Watatu walizivaa wakaenda nazo, huenda zilikuwa zao.

Ofisi ya madini ilichukua picha zile, safari hii wakaguzi wakashuka kwa amri, wakapima kwa kamba na kukuta vilevile. Duara likasimamishwa. Jirani alikuja kwangu Kahama, dukani, na mzee mmoja wa kanisa lake. Alikuja na ombi la kuyamaliza. Tugawane mawe yaliyotoka upande wangu. Akataja sehemu yangu, na ilikuwa sehemu nene. Mimi maishani mwangu sijawahi kukataa mtu aliyeanza na bei nzuri. Hata mzee wa kanisa alinitazama akitarajia nipande kidogo tu kisha nikubali.

"Sitaki mawe," nikasema. "Nataka ulijaze."

"Lijazwe na nini?"

"Na kile ulichokitoa. Kifusi chako kiko pale juu, kilima kizima. Kirudi kwenye viroba, kwa njia kilikotokea, kuanzia chini ya mama mpaka kwenye ua. Wakaguzi wamekubali, nimewauliza. Na mimi nitakuwepo."

"Mama, kukiingiza ni kazi kuliko kukitoa."

"Najua."

Nilikuwepo siku zote, na kiti changu. Viroba vilishuka, nilivihesabu vikishuka, na aliyevipokea chini alivihesabu vikifika. Tulipotofautiana kwa vinne, kazi ilisimama mpaka vikapatikana. Jirani alitafuta watu mpaka Masumbwe, kwa sababu wa Segese walikuwa wamekataa. Kila jioni aliniuliza kama sichoki. Nilimwambia nalala vizuri.

Ilipokwisha nikamwita mtaalamu atandaze vigingi tena, wakaguzi na mwenyekiti wakiwepo, kwa chumvi kidogo sana safari hii. Doa lilikuwa limepotea. Lakini juu yake, pale lilipokuwa dari, umebaki uzi mwembamba wa rangi ya machungwa.

"Hiyo ni nini?"

"Inaweza kuwa hewa iliyobaki juu ya viroba. Kifusi hukaa, hushuka. Inaweza kuwa kivuli cha hesabu tu. Kwa kina hiki mashine haiwezi kutofautisha, mama. Nikikwambia najua, nitakuwa mwongo."

"Nani anaweza kujua?"

Akaangalia duara. "Mtu akiingia na mkono wake."

Nikamgeukia jirani. Alikuwa na miaka mingi hajashuka mwenyewe. Alikuwa amenenepa, na suruali ilikuwa ya kwendea ofisini.

"Kuna watu wa Masumbwe hapa," akasema.

"Hao hawakuwepo mazishini."

Alishuka. Walimfunga kamba kiunoni, wakamteremsha polepole. Alikaa huko nusu saa na zaidi. Alipotoka alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope, magoti yamechanika, anahema kama mtu aliyekimbizwa.

"Limejaa," akasema. "Nimesukuma vya juu kwa mabega. Limejaa, mama. Mkono haupiti."

"Nani shahidi wako?"

"Mungu ni shahidi."

"Huyo alikuwepo hata ulipokuwa unachimba. Rudi, ubebe viroba viwili vidogo, uvishindilie pale kwenye kona ya kichwani kwa mama. Ukishindwa kuvipenyeza, rudi navyo nivione."

Aliangalia wakaguzi. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akaangalia mwenyekiti, naye alikuwa na redio yake. Aliposhika kamba mara ya pili alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja aambiwe basi, imetosha.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikanywa.